Sauti ya Noela bado inawaambia wafiwa wasubiri

Saa moja na nusu asubuhi, Noela Mageni amepiga magoti juu ya turubai jeupe lililotandazwa uani, nyuma ya duka la kukodisha maturubai na viti mjini Katoro. Anasugua doa la mchuzi kwa brashi na sabuni ya unga. Povu limempanda mpaka kwenye viwiko.

Nyuma yake kuna dirisha la ofisi. Kwenye nondo za dirisha imefungwa simu kubwa iliyounganishwa na spika ili wapakiaji wasikie safari wakiwa uani. Simu inatoa mlio wa ujumbe, inanyamaza kidogo, kisha inaongea.

"Pole sana ndugu yangu. Pole na mzee wetu. Mungu amempenda zaidi. Maturubai mawili na viti mia moja vinafika Buseresere kabla ya saa tano. Nakuja mwenyewe, nisubirini."

Sauti ni ya Noela. Ina mkwaruzo wake wa asubuhi, ina lafudhi yake ya Kisukuma, ina ile pumzi fupi anayoivuta kabla ya kumtaja Mungu. Noela mwenyewe hajafungua mdomo. Ameacha brashi na kugeuza shingo, anasikiliza jina la mahali.

"Umesikia, Luka? Buseresere," anamwambia dereva anayepakia viti kwenye kirikuu, kigari chao kidogo cha mizigo.

"Nimesikia. Na leo tena utaenda, Mama Vumilia?"

"Si nimeshasema naenda? Hukunisikia?"

Luka anacheka. Noela anarudi kwenye doa lake na kulisugua kama mtu anayetaka kutoboa turubai.

Wafiwa wa Buseresere hawajui kwamba aliyewapa pole ni programu ya akili mnemba. Imefundishwa kwa ujumbe wa sauti ambao Noela alikuwa akiwatumia wateja kwa zaidi ya miaka miwili, na sasa inawajibu yenyewe kwa sauti yake. Kazi ya kupokea simu ilikuwa yake. Siku hizi anafua maturubai na kuosha sahani, na mshahara wake umeshuka kutoka shilingi laki mbili na nusu kwa mwezi hadi laki moja na ishirini.

"Mshahara unauma, sikatai," anasema bila kuinua kichwa. "Lakini kinachonikosesha usingizi ni hicho ulichokisikia. Kila siku nawaahidi watu, na mimi sijaahidi."

Noela ana miaka arobaini na tatu. Alizaliwa karibu na Ushirombo, wilayani Bukombe, katika familia ya wakulima Wakatoliki, akaishia darasa la saba. Katoro alikuja na mume wake, aliyekuwa akichimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Duara lilimfukia mume huyo wakati binti yao Vumilia akiwa bado ananyonya.

Anachokikumbuka zaidi kuhusu msiba ule ni mtu aliyeleta turubai.

"Alisimama mlangoni, mimi nimekaa chini kwenye mkeka, akaniuliza hela ya viti nitatoa lini," anasema. "Hakusema pole. Wala hakuuliza aliyekufa anaitwa nani. Nilimwangalia viatu vyake. Mpaka leo nikiona viatu vya namna ile, navuka barabara."

Kwa hiyo, alipopata kazi kwa Herman, mwenye duka hili, wakati huo likiwa na turubai moja na viti vya kuazima, aliamua kazi ya simu ataifanya kwa namna yake. Kwanza pole. Halafu jina la marehemu. Halafu kuuliza nani yuko na wafiwa nyumbani. Viti na bei vilikuja mwisho kabisa. Na kabla ya kukata aliongeza maneno ambayo baadaye yalijulikana Katoro nzima: nakuja mwenyewe, nisubirini.

Na alikwenda. Alikaa mbele kwenye kirikuu pembeni ya Luka. Vijana walipokuwa wanafunga kamba, yeye alivua ndala, akaingia ndani walikokaa wanawake, akawasalimia mmoja mmoja, akakaa kwenye mkeka. Wakimpa ugali alikula. Wakilia alilia. Gari likiwa tayari kuondoka, Luka alimwita.

Watu hawakuhifadhi namba ya duka kwa jina la duka. Waliandika "Noela wa Turubai". Biashara ikakua. Turubai moja likawa maturubai kumi na mawili, ikaja jenereta, yakaja masufuria makubwa, na oda zikaanza kutoka Geita mjini na Runzewe.

Mwaka juzi Herman alihudhuria semina ya wafanyabiashara katika ukumbi mmoja wa Kalangalala, Geita. Anaikumbuka vizuri na hasiti kuizungumzia.

"Walituambia mfanyabiashara asiyetumia akili mnemba atafunga duka," anasema Herman, ameketi ofisini mbele ya feni. "Nikaona ni kweli. Watu wanakufa usiku, wanakufa Krismasi, na wafiwa wanataka kujibiwa saa hiyo hiyo. Noela ni binadamu, analala. Sasa mashine inajibu, inapiga hesabu ya viti kulingana na idadi ya watu, inampangia Luka safari, inawakumbusha wanaodaiwa. Oda zimeongezeka karibu mara mbili. Nimekosea wapi hapo?"

Anapoulizwa kama alimwomba Noela ruhusa ya kutumia sauti yake, Herman anajibu kwamba simu ilikuwa ya ofisi, laini ilikuwa ya ofisi, na ujumbe ulitumwa saa za kazi.

Hakumwomba. Alimwambia tu wanaboresha huduma.

Noela mwenyewe anakiri kwamba mwanzoni alifurahi. Wiki za kwanza alilala usiku kucha, kitu alichokuwa amekisahau. Alidhani mashine inajibu kwa maandishi, kama zile salamu za mitandao ya simu, maana siku hizo simu ilikuwa ndani ofisini, bado haina spika. Siku moja alikuwa sokoni akinunua dagaa, muuzaji akamfungia na kumtupia kifurushi.

"Nikamuuliza, mayu, mama yangu, nimekukosea nini? Akasema, 'Umekuwa mkubwa siku hizi. Unasema unakuja, tunakuwekea chakula, unakula kwingine.' Nikafikiri ananifananisha. Jirani yake akadakia, 'Na kwa shemeji yangu hivyo hivyo. Alisubiriwa kama bibi harusi.'"

Alirudi dukani na kusimama chini ya dirisha. Alisubiri mpaka ujumbe ulipoingia. Hapo ndipo alipoisikia kwa mara ya kwanza sauti yake ikiongea bila yeye.

"Nilishika mdomo," anasema. "Nilidhani nimeongea bila kujua."

Alimfuata Herman na kumwambia aitoe ile ahadi. Herman alimjibu kwamba ni maneno ya faraja tu, na kwamba watu walio kwenye msiba hawashiki kila neno wanaloambiwa.

Mtu aliyefiwa hushika kila neno. Anayesema vinginevyo hajawahi kukaa kwenye ule mkeka.

Kisha akafa Generoza.

Katoro kulikuwa na watu wengi waliomjua Generoza bila kujua jina lake. Aliuza mihogo ya kuchemsha stendi, alikuwa na kicheko kilichosikika upande wa pili wa barabara, na alikuwa na tabia ya kumpa kipande cha nyongeza mteja aliyemwona amekonda. Mume wa Noela alipofukiwa, Generoza ndiye aliyefika wa kwanza. Alimfunga Noela khanga kiunoni, akamwambia, "Sasa lia, nimekushika."

Wote wawili walikuwa katika kikundi kimoja cha kufa na kuzikana, cha akina mama wa mtaa wao. Mwanachama akifiwa, wenzake huleta unga, kuni na maji, hupika, hulala hapo mpaka matanga yaishe. Akifa mwanachama mwenyewe, wao ndio wanaomwosha na kumvika. Mtu akishindwa kufika ana faini. Mtu akiahidi kazi ya mwili wa marehemu na asitokee, hutolewa. Siku msiba ukifika kwake, hakuna atakayewasha moto.

Mwenyekiti wa kikundi ni Scolastika, mjane wa miaka sitini na kitu, anayeongea taratibu na kutazama mtu machoni mpaka amalize. Ndiye anayesimulia namna Generoza alivyomchagua Noela.

"Tulikuwa tunachambua mchele kwenye msiba wa mtu. Generoza akasema, 'Siku nikifa mimi, aniogeshe Noela. Scolastika msimruhusu, ana mikono ya baridi kama chura.' Tukacheka sana. Nikamwambia, utakuwa umekufa, baridi utaisikia wapi? Akasema, 'Wewe niache, mimi nataka Noela.' Basi likawa neno. Kila mtu alilijua."

Generoza alipofariki, Noela alikuwa Shinyanga. Mama yake mzazi, Martina, aliugua akiwa nyumbani kwa kaka yake Noela kule Ibadakuli, akalazwa. Noela aliomba ruhusa kwa Herman, akapewa, akapanda basi. Wodini simu yake ndogo iliisha chaji na hakuwa na mahali pa kuichaji.

Herman alijua mfanyakazi wake yuko Shinyanga. Sauti aliiacha inaongea.

Cornel, mtoto wa Generoza, alimpigia Noela kwenye simu yake ndogo, haikupatikana. Akatuma ujumbe wa sauti kwenye namba ambayo kila mtu anaijua, ya Noela wa Turubai. Alisema yeye ni Cornel, mama yake Generoza amefariki alfajiri, anaomba turubai na viti, na akina mama wanataka kujua kama atafika kumwogesha.

Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu mfukoni. "Pole sana mwanangu Cornel. Pole na mama yetu Generoza. Mungu amempenda zaidi. Turubai moja na viti hamsini vinafika saa nne. Nakuja mwenyewe, nisubirini."

Wakasubiri.

"Tulichemsha maji, yakapoa, tukachemsha tena," anasema Scolastika. "Luka alifika na turubai, tukamuuliza Noela yuko wapi, akasema yuko Shinyanga. Sisi tukasema, basi yuko njiani, si ametuma sauti? Padri alikuja, akangoja, akaondoka kwa sababu alikuwa na misa Bwanga, akamwachia katekista. Saa tisa jua linawaka, na mwenzetu amelala ndani ya chumba cha bati hajaoshwa. Unajua maana yake? Sitaki kusema zaidi. Nikanyoosha mikono yangu ya baridi nikamwogesha mimi. Nilikuwa namwomba msamaha huku namwosha."

Generoza alizikwa jua likiwa linazama.

Luka, anapoulizwa kwa nini hakuwaambia akina mama kwamba sauti ile ni ya mashine, anainama kuangalia gurudumu la kirikuu, kisha anasema bosi alishawaonya: atakayemwambia mteja habari za mashine, atafute kazi kwingine.

Noela aliporudi Katoro na mama yake, daktari alikuwa ameshamwambia amchukue akakae naye nyumbani. Figo zimechoka. Alishuka stendi akiwa amemshika mama mkono, akamwona mwenzake wa kikundi, akamwamkia. Yule mama akageuka kama aliyeitwa na mtu mwingine.

Habari ya kifo cha Generoza aliipata kwa Scolastika, mlangoni, akiwa hajakaribishwa ndani.

"Akaniambia, 'Ulituambia tukusubiri.' Nikasema, mimi? Lini? Akaitoa simu, akaniwekea. Nikajisikia namwita Generoza mama yetu. Sikuwa hata nimejua amekufa." Anakamua brashi. "Nilianza kumlilia pale pale mlangoni, na wao wakaona naigiza."

Kwenye kikao alieleza habari ya mashine. Hakuna aliyeamini. Scolastika mwenyewe ndiye aliyeuliza swali lililomwangusha.

"Nilimwambia, mashine inamjuaje Cornel? Inajuaje kumwita mwanangu? Mama mmoja akasema hata walevi wana visingizio bora kuliko hiki. Tukampiga faini, tukamtoa. Na mimi ndiye niliyetamka."

Kwa hiyo Noela alibaki na mama anayekufa taratibu ndani ya nyumba ya vyumba viwili, na hakuna kikundi. Atakapofariki Martina, nani atamwosha? Nani atapika, nani atakaa kwenye mkeka? Ndugu wa Ushirombo ni wachache na wazee. Mtu anaweza kununua jeneza. Anaweza hata kukodi maturubai. Hawezi kukodi watu wa kukaa chini yake.

Alikwenda kwa Herman kumwomba afike kwenye kikundi aseme kwa kinywa chake kwamba ilikuwa mashine. Mazungumzo hayo yalifanyika mbele ya vijana wa kufunga maturubai, na wote wanayakumbuka kwa namna moja.

"Nikienda kusema kule, kesho Katoro nzima inajua," Herman alisema.

"Ndiyo ninachotaka, bosi. Wajue."

"Mtu aliyefiwa hataki kusikia kwamba amepewa pole na mashine, Mama Vumilia. Atakwenda kwa mwingine."

"Kwa hiyo unajua kwamba hawataki."

Herman alinyoosha kidole getini. Alimwambia kama kazi imemshinda, mlango uko wazi.

Anapokumbushwa maneno hayo, Herman anasema wakati ule alikuwa na mawazo ya mkopo wa benki.

Akina mama walikataa kukanyaga dukani, kwa hiyo njia pekee ya kuwaonyesha ilikuwa kuijaribu mashine mbele yao, Noela akiwa amesimama kimya. Lakini mashine ile inaongea kwa sauti na wafiwa tu. Ukiiuliza bei tu, inatuma maandishi. Ili iongee, lazima kwanza mtu atamke kwamba kuna aliyekufa. Na hakuna mwanamke wa Katoro atakayetamka kifo kisichokuwepo. Ni uchuro. Unayemtaja unamwitia kifo.

Noela aliwaomba mmoja mmoja. Mmoja alimwambia, "Mtaje wa kwako." Mwingine alifunga mlango. Alifikiria kutaja jina lake mwenyewe, akahofia binti yake asije akabaki peke yake.

Aliyeumaliza ubishi huo alikuwa Martina.

Martina ana miaka sabini na minane. Amekaa kwenye kigoda mlangoni, miguu imevimba, macho yake hayana shida hata kidogo. Anaongea Kisukuma na Kiswahili kwa pamoja, na anapenda kuulizwa habari za siku ile.

"Nikamwambia mwanangu, unahangaika na nini? Mimi si ndiye ninayekufa? Uchuro utanifanya nini, utaniua? Nipeleke kwa hao wanawake."

Jumapili baada ya misa, Noela alimpakia mama yake kwenye bodaboda, akamshika kwa nyuma, wakaenda kwenye kikao barazani kwa Scolastika. Hawakuwa wamealikwa. Martina aliteremshwa, akakalishwa kwenye mkeka, akawaamkia akina mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, bamayu."

Wakamwitikia. Mgonjwa hanyimwi salamu.

"Nani ana ile simu ya kuongea na dukani?" aliuliza. "Nipeni. Nimekuja kutangaza msiba."

"Msiba wa nani, bibi?"

"Wa kwangu."

Wawili walisimama kutaka kuondoka. Scolastika aliwaambia wakae. Anasema mpaka leo hajui kwa nini alimpa yule mzee simu. Ila kabla ya kumpa, alimwita Noela karibu na kuweka kiganja chake kwenye koo lake, ili kama ataongea, hata kwa kunong'ona, amsikie kwa mkono.

Martina alibonyezewa kitufe. Akaongea kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari. "Mimi Martina, mama yake Noela. Nimekufa leo asubuhi. Niko hapa kwa Scolastika, nyuma ya mashine ya kukoboa. Leteni turubai."

Baraza zima liliinamia simu. Kisha ikatoa mlio wa ujumbe, na Scolastika akaufungua kwa mkono wa pili.

"Pole sana mama yangu," ilisema sauti ya Noela. "Pole na mama yetu Martina. Mungu amempenda zaidi. Turubai moja na viti hamsini vinafika kabla ya saa nane. Nakuja mwenyewe, nisubirini."

Koo la Noela, chini ya kiganja cha Scolastika, halikutikisika.

Wa kwanza kuongea alikuwa marehemu. "Viti hamsini vingi," alisema Martina. "Mimi nina ndugu wachache."

Scolastika hakucheka. Aliondoa mkono kwenye koo la mwenzake na kukaa chini. "Nilimwambia, 'Noela, nilikutoa.' Akasema, 'Ndiyo, dada.' Nikasema, 'Na Generoza tulimwacha akisubiri hiki kitu.' Basi nikaanza kulia upya, kama siku ile."

Wangeweza kuishia hapo. Lakini mashine ilikuwa imeshampangia Luka safari, na kabla ya saa nane kirikuu kikafunga breki nyuma ya mashine ya kukoboa, kikiwa na turubai, viti hamsini na vijana wenye nyuso za huzuni. Luka aliteremka akiwa amevua kofia. Akamkuta Martina anakunywa uji.

"Shikamoo bibi," alisema, kwa sababu hakujua aseme nini kingine.

"Marahaba. Shusheni tu. Marehemu ni mimi."

Akina mama walisimamia kazi mpaka turubai likasimama na viti vikapangwa. Kisha wakakaa. Luka alipowaambia hakuna msiba kwa hiyo vyombo virudi, walisema hawataondoka kwenye viti vile mpaka mwenye navyo aje aeleze nani amewatumia pole. Luka akampigia bosi wake. Saa kumi Herman alifika na pikipiki.

Walimpa kiti mbele. Scolastika alimwekea ujumbe wa Martina, akamwonyesha Martina. Kisha akamwekea ule wa Generoza.

"Huyu anayeongea ni nani, Baba?" alimuuliza.

"Akina mama, hii ni teknolojia tu, ni..."

"Sijakuuliza ni nini. Nimeuliza ni nani. Tulimweka mwenzetu mpaka saa tisa kwa maneno yake. Ni nani?"

Herman aliangalia chini. Halafu akasema, "Ni mashine."

"Sema Noela alikuwa wapi."

"Alikuwa Shinyanga."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

Cornel, aliyekuwa ameitwa na akina mama, alikuwa amesimama ukutani. Hakumgusa Herman, na hakumtukana. Alimwendea Noela, akamwambia "Shikamoo mama," salamu ambayo hakuwa amempa tangu mazishi, kisha akaondoka.

Noela alirudishwa kwenye kikundi siku hiyo hiyo, na faini ikafutwa. Wakati wowote msiba utakapofika kwenye nyumba ile ya vyumba viwili, moto utawashwa. Martina anasema sasa anaweza kufa akitaka, ila hajaamua.

Lakini sauti bado iko dirishani. Herman anasema fundi wa Mwanza aliyeiweka anadai malipo mengine ili kuibadilisha, na kwamba atashughulikia "mambo yakitulia". Akina mama wa kikundi chao hawakodi tena kwake. Oda za Geita na Runzewe, kwa watu wasiojua kisa hiki, zinaendelea kuingia. Kila mmoja anaambiwa asubiri.

Ndiyo maana Noela hajaacha kazi, ingawa majirani wanamshangaa na binti yake anamkasirikia.

"Nikiondoka hapa, nitajuaje nani ananisubiri?" anasema. "Huku uani ninafua, lakini masikio yangu yako dirishani. Nikisikia mahali pa karibu, naenda. Bosi hataki tena nipande kirikuu, nauli natoa mimi. Nafika nakaa nao, nawaambia ukweli, kwamba sauti mliyoisikia haikuwa mimi, mimi ndiye huyu. Wengine wanakasirika. Mmoja alinifukuza, na alikuwa na haki. Mbali siwezi. Wale wa mbali ndio wananitesa."

Mwezi huu Scolastika na Cornel wanampeleka Herman kwa mtendaji wa kata, na wasipoelewana hapo wataenda wilayani. Wameambiwa ipo sheria inayolinda taarifa binafsi za mtu, na wanataka kuuliza kama sauti imo. Kikundi nacho kimeanza kuchanga ili kinunue turubai lake. Wameshakubaliana kwamba simu ya turubai hilo itapokelewa na mtu, na usiku atakapokuwa amelala, mwenye msiba atamgongea mlango kama zamani.

"Mimi sitaki kulipwa chochote kwa sauti yangu," anasema Noela. "Nataka inyamaze. Nikae na mama yangu siku zake zilizobaki, nijue kwamba hakuna mtu mahali fulani anachemsha maji kwa ajili yangu."

Turubai limetakata. Analianika kwenye kamba, ananawa mikono, anajifunga khanga ya pili juu ya gauni lililolowa. Bodaboda wa kumpeleka Buseresere ameshafika, pikipiki yake inaunguruma getini. Noela anapanda, anamshika begani dereva, pikipiki inaanza kusogea.

Dirishani simu inatoa mlio.

"Zima kwanza," anamwambia bodaboda.

Injini inazimwa. Noela ameinamisha kichwa, anasikiliza sauti yake ikimpa pole mtu asiyemjua, mpaka inapofika kwenye jina la mahali.

"Runzewe," anasema. "Kule ni mbali." Anamgusa dereva begani. "Washa. Tuanze na hawa wa Buseresere."